Kifutu kaingia kwenye rundo la tofali nyuma ya nyumba, Ihumwa

MamaWawili_Dom
Wakuu habari za jioni. Kuna nyoka mnene, mfupi, kahawia, ana alama kama V mgongoni, kaingia kwenye tofali zilizobaki ujenzi. Pembeni kuna kuni na banda la kuku. Watoto wana miaka mitatu na sita. Jirani anasema nimwage oili chafu au nichome matairi. Naombeni msaada.

Nyika Kati
Pole dada. Kwa alama hizo huyo ni kifutu, wengine wanamwita moma. Tafadhali usipangue tofali sasa hivi. Kifutu hakimbii hovyo, anatulia akitegemea rangi yake, ndiyo maana watu wanamkanyaga gizani. Ukisikia anapuliza kwa nguvu, simama, mwone alipo kwanza, ndipo urudi nyuma taratibu. Fimbo fupi ni hatari, anaruka kuuma haraka sana. Watoto waingie ndani, mtu mzima mmoja abaki mbali akimwangalia asihame, nawe piga 114 Zimamoto au mtafute afisa wanyamapori. Hata akiuawa, msishike kichwa: kikishakatwa bado kinauma.

Mfugaji wa Nala
Oili chafu anapita juu yake tu, na kuku wako watadonoa huo udongo. Moshi wa tairi nao unaweza kumhamishia jikoni.

Ugomvi wako halisi ni panya. Pumba zikilala chini usiku panya wanakuja, na nyoka anawafuata. Tia chakula cha kuku kwenye pipa lenye mfuniko, okota mayai kila jioni. Wavu wa kawaida wa kuku haumzuii: nyoka anapenya mwembamba, anameza yai, tumbo linagoma kutoka, asubuhi unamkuta kanasa kwenye tundu. Tumia wenye matundu ya milimita 6, uuchimbie chini sentimita 30. Kuni ziwe juu ya kichanja, mbali na ukuta. Chini ya mlango pigilia mpira, usibaki mwanya. Yote hayo yaishe kabla ya mvua za Desemba, nyasi zikiota humwoni tena.

Nesi_Zamu ya Usiku
Akiuma mtu: vua pete, bangili na viatu mapema, uvimbe unakuja haraka. MSIFUNGE KAMBA. Sumu ya kifutu inaharibu nyama palepale, ukiibana hapo mguu unaweza kuoza hadi ukatwe. Msichanje, msinyonye, na jiwe la nyoka halivuti sumu. Fungeni mguu kwenye ubao kama wa aliyevunjika, abebwe, asitembee. Maumivu mpe panadol, siyo aspirini wala diklofenaki, zinaongeza kuvuja damu. Andikeni saa aliyoumwa, na mmoja apige simu hospitali kuuliza kama dawa ya sumu ya nyoka ipo, maana zahanati nyingi hazina.

Swila akitema mate machoni: maji safi mengi yatiririke dakika 15 hadi 20, kope zikiwa wazi, asisugue, kisha hospitali.

MamaWawili_Dom
Asanteni sana, nimepiga 114. Wakishamtoa, tofali nizihamisheje?

Nyika Kati
Mchana, buti ngumu na glovu za ngozi. Usiingize mkono kwenye upenyo. Tumia jembe la mpini mrefu, inua tofali upande wa mbali likiegemea kwako, ili kama kuna mwingine atokee upande ule, tofali likiwa katikati yenu.