Muuza matairi wa hapa Mwanza, umeniuzia tairi kipara lililochongwa upya, mama wa watu kavunjika mkono, halafu unaniambia habari za mbio za pikipiki za MotoGP?

Wakuu, salamu. Nina hasira, mtanivumilia. Kila nitakachoandika hapa nimekiona kwa macho na kukishika kwa mikono yangu.

Mimi ni bodaboda hapa Mwanza, huu mwaka wa tisa. Kijiwe changu kipo Kirumba na riziki yangu kubwa inatoka Mwaloni, soko la samaki na dagaa. Alfajiri nabeba akina mama wa dagaa, mchana abiria wowote, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 nikipata mteja wa Sengerema naenda. Pikipiki ni ya mkataba, hesabu ya tajiri haijui mvua wala msiba. Kwa hiyo shilingi ninayotoa kununua tairi huwa naitoa kwa uchungu na naitoa kwa sababu: tairi ndiyo kitu pekee cha pikipiki kinachogusa ardhi. Breki ziwe mpya, injini iwe nzima, kama mpira hauhimili pale chini huna chombo.

Mwezi uliopita la nyuma lilikuwa limekwisha. Nikaenda duka moja la vipuri mjini. Jina silitaji leo, nawapa nafasi ya mwisho. Nikaomba 3.00-18 ya nyuma. Akanitolea moja limeviringishiwa nailoni, jeusi, linang'aa, kashata, vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, zimesimama wima. Nikamuuliza, "Kaka, hili ni jipya?" Akanijibu, "Mdogo wangu, hilo ni gumu kweli kweli, utalichoka wewe, lenyewe haliishi." Nikalipa 48,000. Risiti nikapewa kikaratasi cha kuandika kwa mkono. Hapo nilikosea na nakiri, nilikuwa na haraka ya kurudi kazini.

Wiki ya tatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, manyunyu yanadondoka. Nimemfuata mteja wangu wa miaka mingi kwake mlimani, upande wa Mabatini, nimpeleke Mwaloni. Wenyeji mnazijua barabara zetu za kupanda milimani zilizojengwa kwa mawe. Mawe yale yameshasuguliwa na matairi na miguu mpaka yamelainika, yakilowa yanakuwa kama sahani. Nashuka gia ya pili, mwendo wa mtu anayekimbia kidogo tu. Magunia ya mama yalikuwa matupu, kayakunja kwenye mapaja, kwa hiyo mtu asije kuniambia nilizidisha mzigo. Nikagusa breki ya nyuma. Nasema nikagusa, sikukanyaga. Tairi likasimama kuzunguka na mkia mzima ukaenda kushoto kana kwamba hakuna kitu chini. Mimi nimechubuka goti. Mama alitanguliza mkono wa kulia, ukavunjika juu kidogo ya kifundo. Ana watoto wanne na biashara yake ni ya kupima dagaa kwa mikono hiyo hiyo.

Nilipotoka kumpeleka hospitali nilienda moja kwa moja kwa fundi wetu pale kijiweni, mzee aliyeanza kufunga matairi kabla sijajua kuendesha baiskeli. Nikamwambia, "Mzee, nivulie hili tairi tuliangalie." Akaligeuza mara moja tu, akakaa kimya, kisha akaniita nisogee.

Wakuu, chukueni tairi lolote zima la pikipiki. Ndani ya mifereji yake kuna vinundu vidogo vya mpira vimelala kukatisha mfereji. Kwenye ubavu huwa kuna pembetatu ndogo au herufi TWI zinazokuonyesha vilipo. Kazi yake ni kukwambia tairi limekwisha: kashata zikishuka zikawa sawa na vile vinundu, toa. Kwenye tairi langu herufi zipo ubavuni, vinundu havipo. Hakuna hata kimoja, mzunguko mzima. Vimeenda wapi? Vimepitiwa na kisu! Mtu alichukua tairi la watu lililokwisha, akapasha kisu moto, akachonga mifereji upya, akalipaka mafuta, akaliviringishia nailoni.

Mzee akaingiza kucha kwenye mfereji mmoja akaupanua. Chini kabisa zinaonekana nyuzi. Nyuzi za tairi! Mpira uliobaki kati ya barabara na nyuzi ulikuwa kama ganda la karanga, na tyubu ipo nyuma yake. Mimi nilimpeleka abiria Sengerema na lile tairi. Nikienda mwendo wa 80 pale darajani, nikiwa na binadamu mgongoni. Tangu siku hiyo usiku nikilala nazikumbuka zile nyuzi.

Najua kuna mtu atakuja kusema mbona matairi ya malori huchongwa. Ndiyo, yapo yanayochongwa, nayo yameandikwa REGROOVABLE ubavuni, kwa sababu kiwandani yaliwekewa mpira wa ziada chini ya mifereji makusudi yaje kuchongwa. La pikipiki halina akiba hiyo. Ukilichonga unakata mwili wenyewe.

Halafu tarehe. Ubavuni, mwisho wa mstari unaoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Mara nyingi zipo ubavu mmoja tu, na fundi wa duka alilifunga zikiwa upande wa mnyororo nisizione. Zilikuwa zimesuguliwa kwa msasa lakini ukimwagia maji na kumulika zinasomeka: 1117. Wiki ya 11 ya mwaka 2017. Mpira unazeeka hata ukiwa umetundikwa dukani, jua na hewa vinaukausha, mafuta yaliyomo yanatoka taratibu, unakuwa mgumu kama soli ya kiatu cha zamani. Bonyeza kucha kwenye tairi jipya, kucha inazama kidogo na mpira unarudi. Kwenye hili kucha yangu iliteleza.

Sasa ndipo nilipoelewa lile neno "gumu, haliishi" alilonisifia. Hakunidanganya, kweli lisingeisha upesi. Na ndiyo sababu tumelala chini mimi na mama wa watu. Mpira unashika barabara kwa sababu ni laini. Unagandana na lami, na unajibonyeza kuingia kwenye vijishimo vidogo vya lami, na kazi hiyo hiyo ndiyo inayoumaliza. Tairi linaloshika sana linalika mapema, lisilolika lina kitu limepunguza, na kilichopunguzwa utakikuta siku ya mvua. Kwenye lami kavu ya barabara ya Nyerere mchana wa jua hata hilo gumu litakupeleka Igoma na kukurudisha, hutajua lolote. Lilete kwenye mawe laini yaliyolowa, mpira umepoa, hauna pa kuzama. Ongeza mteremko: ukishika breki uzito mwingi unakimbilia mbele, tairi la nyuma linabaki jepesi, na sehemu yake inayogusa chini ni kama kiganja cha mtoto. Hapo ndipo ulipotakiwa kuwa na mpira, siyo soli.

Nikarudi dukani na tairi begani. Wakuu, jibu nililopewa ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Kwanza akasema sikulizoesha. Nikamwambia tairi jipya linahitaji mwendo wa taratibu kilomita mia za mwanzo hivi, najua, hili limetembea wiki tatu mpaka Sengerema, na halikuwa jipya! Nikamwonyesha nyuzi. Akacheka mbele ya wateja wake. Akasema, "Dogo, kwani huangalii MotoGP? Kina Márquez wanakimbia na matairi vipara kabisa, hayana hata mfereji. Kipara ndicho kinachoshika. Wewe hujui kuendesha."

Alinikuta pabaya, maana MotoGP ndiyo kitu ninachofuatilia kuliko mpira wa miguu. Naomba nimjibu hapa, na niwajibu na wenzangu wa vijiweni, kwa sababu haya maneno ya "kipara kinashika" nayasikia hata kwetu kila siku.

Ndiyo, yale ya mashindano hayana mifereji. Pale kwenye mzunguko mkavu mifereji haina kazi, kila sehemu unayoichonga ni mpira ulioupunguza usiguse lami. Hata kipara chako cha kijiweni kwenye lami kavu na safi kinaweza kushika, sibishi. Lakini tairi lile si kipara cha kuisha. Limetoka kiwandani lile, jipya, la mpira laini kiasi kwamba likishapata moto linanata. Kabla ya kuingia barabarani wanalifunika kwa mablanketi ya umeme mpaka linafika nyuzi joto 80 na kuendelea, kisha mwendo na kulala kwenye kona ndivyo vinavyolitunzia moto. Likipoa hata bingwa wa dunia anaanguka kona ya kwanza, tumeona mara ngapi? Na linadumu muda gani? Mbio moja, kilomita 100 na kitu, basi. Mimi kilomita 100 nazimaliza kwa siku moja. Kuna bodaboda gani wa Mwanza wa kununua tairi kila jioni?

Na mvua ikinyesha wanafanyaje? Wanaingia pembeni, wanaacha pikipiki hiyo na kupanda nyingine ambayo imeshafungwa matairi ya mvua, yenye mifereji mirefu, kwa sababu maji yasipopewa njia ya kutokea yanakaa kati ya mpira na barabara na tairi linaelea. Matajiri wale, wenye mafundi kila upande, hawathubutu kukaa na kipara kwenye maji. Halafu mtu amuuzie baba wa familia tairi la 2017 lililopitiwa na kisu, amtume ashuke nalo milimani msimu wa mvua, na ayataje mashindano kama utetezi?

Hata kulika kwenyewe ni tofauti. Kule yanalika mabegani kwa sababu wanalala kwenye kona muda mwingi. Sisi tunakwenda wima, Kirumba–mjini–Buhongwa, tairi linalika katikati tu mpaka linakuwa bapa, mabega yamebaki mapya. Ndiyo maana ukikata kona na tairi la hivyo unahisi pikipiki inadondoka ghafla, limetoka kwenye ubapa likaingia kwenye bega. Wengi hatuliangalii katikati, tunaangalia pembeni tunasema "bado linadai". Na tunaongeza kosa kwa kujaza upepo mpaka tairi linakuwa jiwe, eti pikipiki iwe nyepesi na mafuta yaende mbali. Upepo ukizidi, tairi linavimba katikati, linagusa kidogo, linalika hapo hapo. Jazeni ule ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki au kibati chake. Hili nalisema kwa wenzangu na kwangu pia, nimewahi kufanya hivyo miaka.

Lakini sitaki mtu aliwekee tatizo hili kivuli cha upepo. Mimi siku ile upepo nilikuwa nao sawa. Nilichokosa ni mpira, na nilikuwa nimeulipia.

Mwenye duka, najua unasoma humu au kuna mtu atakusomea. Tairi lako nimelifungia chumbani kwangu, sijalisafisha, mafuta yako bado yapo. Picha za mifereji isiyo na vinundu, za nyuzi, na za ile 1117 nimezipiga mbele ya mzee wangu wa kijiweni na madereva wenzangu sita. Nataka 48,000 yangu na nataka 135,000 niliyolipa hospitali kwa ajili ya mkono wa yule mama. Fidia ya siku zake za kukaa nyumbani tutazungumza akiwepo yeye mwenyewe, siyo mimi na wewe. Na nataka yale mengine yaliyoviringishiwa nailoni kule nyuma ya duka yakatwe mbele ya watu, kwa sababu nimeyaona, si machache.

Wakuu mlionunua tairi mjini miezi ya karibuni likiwa kwenye nailoni na mafuta: mkimaliza kusoma tokeni nje na tochi. Tafuteni vinundu ndani ya mifereji. Msipoviona, msibebe mtu kesho. Someni zile tarakimu nne, na mkizikuta zimesuguliwa jueni aliyezisugua alikuwa na sababu. Wekeni hapa chini mlichokiona, na risiti kama mnazo. Malalamiko yangu ya Tume ya Ushindani nimeshayaandika, yanasubiri tu nijue tupo wangapi.

Kesho saa tatu asubuhi nitakuwa mlangoni kwake na lile tairi, na yule mama amesema atakuja na POP yake, ile plasta ngumu ya mfupa, mkononi.