Msaada: kukata trela mbili, nianze na ndoano au nianze kutoa doli?

Mshika_Usukani
Wakuu, habari za kazi. Nimezoea trela moja, sasa nimehamishiwa kwenye gari la trela mbili, ile ya nyuma inakaa juu ya doli (kigari kidogo chenye magurudumu kinachobeba mbele ya trela ya nyuma). Kuendesha sina shida sana, kinachonichanganya ni kuunga na kukata. Wenzangu wawili kazini wananielekeza tofauti. Mmoja anasema ukishapaki, fungua ndoano ya trela ya mbele (ile ya nyuma yake inayoshika doli), vuta gari, doli iache palepale chini ya trela ya nyuma. Wa pili akiona mtu anafanya hivyo anasogea mbali kabisa. Wote ni wazoefu. Nimfuate nani?

La pili: trela moja ikiwa imejaa na nyingine ina nusu mzigo, ipi ikae mbele? Naambiwa nipange kwa kuangalia ipi inashushwa kwanza.

Tairi_la_Nje
Mfuate anayesogea mbali.

Mzee_wa_Yadi
Kijana, umefanya vizuri kuuliza. Usifungue ndoano hata siku moja wakati doli bado iko chini ya trela ya nyuma. Uzito wa trela umekalia sahani ya doli (bamba la juu linaloshika trela), na doli inazunguka kwenye ekseli yake. Kinachozuia ile drobaa (mkono wa doli wa kuvutia) isinyanyuke ni ndoano tu. Ukiifungua, trela ikacheza kidogo tu, drobaa inaruka juu kwa nguvu, na wewe ndiye uliyeinama juu yake. Hata isipokupiga, kuirudisha kwenye ndoano ni kazi ya kulia.

Mpangilio wenyewe ni huu. Paki gari limenyooka, mahali pagumu na tambarare. Funga breki za kuegesha. Trela ya nyuma kama haina breki za springi (zinazojifunga zenyewe upepo ukiisha), weka kabari kwenye magurudumu. Shusha miguu yake mpaka ipunguzie doli uzito kiasi. Funga koki (vali) za upepo nyuma ya trela ya mbele, chomoa paipu za upepo na waya wa umeme wa doli, uzifunge vizuri zisiburuzike. Achia breki za doli, fungua komeo la sahani ya doli, kisha vuta gari taratibu, doli itoke chini ya trela ikiwa bado imeshikwa na ndoano.

Ikishatoka wazi ndipo unaikata doli yenyewe: shusha mguu wake, funga breki zake au weka kabari, toa minyororo ya usalama, fungua ndoano, sogeza gari polepole.

Na trela nzito inakaa mbele, nyepesi nyuma. Ratiba ya kushusha mzigo haibadilishi hilo. Trela ya mwisho ndiyo inayochapwa ukikata usukani ghafla, kama ncha ya mjeledi, na ndiyo inayoanza kupinduka.

Kona_Kali
Kuhusu uzito namuunga mkono Mzee. Wapakiaji watakulalamikia kwamba unawasumbua. Waache walalamike, kwenye usukani hawapo.

Fundi_Breki
Mimi niongezee upande wa kuunga, maana watu wengi hukosea kwenye koki. Koki za nyuma ya trela ya mbele ziwe WAZI. Kama doli ina koki zake, nazo wazi. Za nyuma ya trela ya mwisho ziwe ZIMEFUNGWA. Ukisahau kufungua za katikati, trela ya nyuma haipati breki zako, na kwenye kiti cha dereva unaweza usigundue, kwa sababu geji inasoma vizuri tu.

Kwa hiyo usiamini geji. Jaza upepo, nenda nyuma kabisa ya trela ya mwisho, fungua koki ya paipu ya dharura (ile inayojaza upepo kwenye tenki za trela) kidogo usikie upepo unatoka, halafu ifunge. Kisha fanya hivyohivyo kwenye paipu ya breki za kawaida, breki zikiwa zimekanyagwa. Kusipotoka kitu, kuna koki imefungwa njiani au paipu zimepishana. Usiondoke.

Mshika_Usukani
Asanteni sana, nimeelewa kwa nini yule mwenzangu anakimbia 😅. Swali dogo: wakati wa kuunga, trela ya nyuma iwe kimo gani? Na doli mojawapo hapa sioni kitufe cha hendibreki.

Mzee_wa_Yadi
Iwe chini kidogo kuliko katikati ya sahani ya doli, ili doli ikiingia iinyanyue kidogo. Ikiwa juu sana, kingpini (pini iliyo chini ya trela, inayoshikwa na sahani) inaweza kupita juu ya sahani bila kushikwa. Kabla ya kurudi nyuma, hakikisha ndoano imefungwa, minyororo iko mahali pake, mguu wa doli umepanda. Ukishaingia, vuta gari mbele kidogo kujaribu, breki za trela ya nyuma zikiwa zimefungwa. Halafu shuka na tochi, chungulia: pasiwe na nafasi kati ya sahani na trela, na taya zishike shingo ya kingpini, si kichwa chake. Miguu ya trela ipandishe yote, usiiache nusu.

Fundi_Breki
Doli isiyo na kitufe huenda ni ya zamani, haina breki za springi. Tafuta kikoki kidogo kwenye tenki lake la upepo. Ukikifungua, upepo unatoka na breki zinaachia, ndipo unaweza kuisogeza. Ukimaliza kuunga, kifunge kabla ya kujaza upepo. Na ujue kwamba doli hiyo ukiiacha peke yake haina kinachoishika, kwa hiyo kabari ni lazima hata pakionekana tambarare.

Tairi_la_Nje
Na usiisukume peke yako kwa mikono. Tafuta mtu, au tumia gari lenyewe kuisogeza.

Mshika_Usukani
Kikoki nimekiona, kiko chini ya tenki, kimejaa matope. Nakisafisha sasa hivi, halafu nikatafute kabari maana kwenye gari hamna hata moja.