Mjadala: Daftari la waliouawa likae hospitalini au kituoni?

Mtu akikatwa mapanga Kisauni leo, kesho tunamsikia redioni, keshokutwa kasahaulika. Kifo chake kimeandikwa kwenye OB, daftari la matukio la polisi, kimeandikwa makafani, kimeandikwa kwa msajili wa vifo, lakini sijaona anayeyasoma madaftari hayo kwa pamoja. Marekani walianza 2002 na majimbo 6: cheti cha kifo, ripoti ya korona (afisa anayechunguza chanzo cha kifo, si ule ugonjwa) na ya polisi vinaunganishwa. Kufikia 2018 majimbo yote 50 yalikuwa ndani. Jina la marehemu halimo. Yamo silaha, mahali, na muuaji alikuwa nani kwake. Waliojiua wamo pia, ambao sisi huwaficha kwa "aliugua ghafla". Nataka kaunti ifanye hivyo, na daftari likae idara ya afya. Mwasemaje?

Mzee wa Mji wa Kale: Asalaam alaykum. Mwanangu, mimi nimezika. Kijana wetu alikufa alfajiri, tukakusudia kumzika baada ya adhuhuri. Tukaambiwa mpasuaji wa maiti hayupo, ngojeni. Tulingoja siku 2, maji ya kuoshea yashatayarishwa. Ukituongezea na maswali, watu watazika usiku.

Mwanzisha mada: Waalaykum salaam mzee, Allah amrehemu. Kilichowachelewesha ni mpasuaji, si fomu. Ila nakubali: daftari likija kabla ya wapasuaji kuongezwa, lawama italiangukia lenyewe.

Muuguzi, zamu ya usiku: Nyote mwazungumzia maiti. Mimi nashona walio hai, na wengi wakitoka hapa hawaendi polisi. Huko Cardiff, Uingereza, daktari Jonathan Shepherd aliliona jambo hilo hilo. Wakaanza kuuliza pale mapokezi: wapi, saa ngapi, kwa silaha gani? Majibu yakapelekwa kwa polisi na baraza la mji bila majina. Utafiti wa 2011 ulikuta waliolazwa kwa kupigwa wamepungua asilimia 42 ukilinganisha na miji inayofanana nao. Swali moja tu, "wapi", linatosha kujua taa iwekwe mtaa gani. Anzeni na majeraha.

Mama wa Likoni: Na aliyepigwa risasi na askari? Jirani yangu aliambiwa mwanawe kafa kwenye "makabiliano". Hilo mtaliandika wapi?

Mwanzisha mada: Marekani waliouawa na walinda sheria wana kundi lao. Na sisi tuna Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Makorona tangu 2017, ili uchunguzi wa vifo kama hivyo usibaki mikononi mwa polisi.

Mama wa Likoni: Sheria naijua. Nauliza habari ya huyo kijana.

Mwanzisha mada: Hapo umenishinda, mama. Nilihesabu ripoti ya polisi kama chanzo sawa na vingine. Kwa vifo hivyo, kauli ya makafani itangulie. Dada muuguzi, risasi ikitolewa mwilini anapewa nani?

Muuguzi, zamu ya usiku: Hukabidhiwa askari anayepeleleza.