Kijana karudi likizo, ila ni kama hajarudi

Mama wa Mwanga:
Habari za jioni wapendwa. Mwanangu ana miaka 16, kidato cha tatu, bweni huko Tabora. Alifika Kigoma kwa treni wiki tatu sasa. Likizo zilizopita alikuwa akitupa begi tu, huyo, Kibirizi kuogelea na wenzake. Juni hii amejifungia. Usiku kucha macho kwenye simu, anaamka saa nane mchana, na samaki wa migebuka aliyokuwa akiigombania na dada zake anaidonoa tu. Nikimuuliza, "hamna kitu mama." Baba yake anasema ni uvivu, anataka kumpeleka Kasulu kwa baba yake mkubwa akalime. Nifanyeje?

Jembe Halilali:
Mnyang'anye simu, ampeleke. Sisi tulilelewa hivyo na tupo.

Nesi wa Zamu:
Jembe, kiangazi hiki akalime nini? 😂
Dada, kijana kuchelewa kulala ni kawaida ya umri ule. Ila kuacha anachokipenda, kutokula na kujitenga kwa zaidi ya wiki mbili, hapo usisubiri. Simu huenda ndiyo mahali anapojificha. Ukiinyang'anya tu utabaki na mlango uliofungwa. Muulize akiwa na kazi mkononi, msitazamane. Na muulize waziwazi kama amewahi kuwaza kujiua. Swali hilo halimpi mtoto wazo, linamfungulia mdomo. Dawa za panya na vidonge vya bibi weka chini ya kufuli leo hii. Maweni ni hospitali ya rufaa ya mkoa, anzeni pale. Namba 116 ya watoto ni bure, hata yeye mwenyewe anaweza kupiga.

Kaka wa Gungu:
Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa wavuvi wasivue, Mei 15 hadi Agosti 15, mzee wangu alishinda nyumbani bila senti na hasira zote zikawa juu yangu. Nilitamani likizo iishe. Mjomba ndiye aliyekuwa akinichukua jioni tukashone nyavu. Hakuniuliza kitu. Wiki ya pili nikaanza kuongea mwenyewe. Kazi sio mbaya, mama, ila iwe ya kukaa na mtu, isiwe adhabu.

Mama wa Mwanga:
Jana tulikaa uani tukichambua dagaa, nikamuuliza. Alinyamaza mpaka ungo ukaisha. Kumbe bwenini kuna wakubwa wanaomwamsha usiku na kumpiga, anaogopa kurudi. Lile swali lingine akajibu, "iliwahi kunijia." Nilikaza moyo nisilie mbele yake. Nimemweleza baba yake. Kasulu hakuitaja tena, kaniambia kesho tunakwenda Maweni wote watatu. Nesi, pale mapokezi nisemeje? Sitaki aulizwe mbele ya foleni.

Nesi wa Zamu:
Sema unahitaji huduma ya afya ya akili kwa kijana, na mngependa kuongea faragha. Hayo mengine watu wa foleni hayawahusu. Leo usiku asilale chumbani peke yake.