Mrejesho: mshale wa RPM umeamka

Habari zenu ndugu zangu. Nilileta hapa shida ya mshale wa RPM (geji ya mizunguko ya injini kwa dakika) kulala kwenye sifuri tangu nifunge dashibodi ya mtumba kwenye gari langu la silinda 4, lile la distributa (kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi). Asanteni sana wote mlionijibu.

Kubadilisha fyuzi hakukusaidia. Aliyeniambia nifuate waya unaotoka upande wa hasi wa koili (inayozalisha umeme wa plagi) ndiye aliyenikomboa. Karibu na betri ulikuwa umekatika, nyuzi zimeota kutu ya kijani. Nimeuunga, nikawasha, mshale ukainuka papo hapo. Nilifurahi mno!

Ila unasoma pungufu. Gari limesimama, injini inaunguruma vizuri tu, wenyewe unaonyesha 500. Kaka wa Iringa aliyenijibu hapa alikuwa sahihi: geji hii ni ya silinda 6, inasubiri mapigo 3 ya umeme kutoka kwenye koili kwa kila mzunguko wa injini, na injini yangu inatoa 2. Kwa hiyo 500 yake ni 750 halisi. Nikipanda barabara ya Chunya nazidisha kwa moja na nusu kichwani, huku naendelea kutafuta geji ya silinda 4 hapa Mbeya.