Meza ya treni za mfano (HO) kwenye chumba cha 3.6 × 3.0: fremu na mpango wa waya

Taruma_la_Pwani:

Wakuu, salaam.

Naanza meza ya treni za mfano nyumbani, skeli ya HO (1:87), reli ya mm 16.5. Ninachoiga ni SGR, kwa hiyo mm 1435 za ukweli zinaangukia hapo hapo. Chumba ni m 3.6 kwa m 3.0. Umbo ni L: mkono mrefu unafuata ukuta wa 3.6, mfupi unafuata ukuta wa 3.0, na kila mwisho kuna kitanzi cha kugeuzia treni. Njia ni moja, ila kwenye mkono mrefu kuna stesheni ya njia tatu. Mlango uko kona inayotazamana na pembe ya L. Mfumo ni DCC (umeme na amri za kidijitali za kuendesha treni vinapita kwenye reli), kituo cha kuendeshea ni cha ampea 3.

Nyumba ni ya kupanga, kwa hiyo meza lazima ifunguke na kupita mlangoni. Naomba msaada: mbao saizi gani, plaiwudi unene gani, mihimili iachane kiasi gani? Waya wa 1.5 au 2.5? Na waya unapitishwa kabla ya kufunga plaiwudi au baada?

---

Randa:

Mkuu, chumba chako kinaelewana vizuri na plaiwudi ya futi 8 kwa 4. Nunua shiti mbili za mm 12. Ya kwanza ikate katikati, unapata miraba miwili ya sm 122, hizo ndizo meza za vitanzi. Ya pili ipasue kwa urefu upate vipande viwili vya sm 61 × 244. Kimoja kipunguze kiwe sm 236 (mkono mrefu pamoja na pembe), kingine kiwe sm 115 (mkono mfupi). Kila ukuta unabakiwa na sm 2, na usizionee uchungu: kuta za nyumba nyingi hazina pembe mraba, na msumeno nao unakula mm 3 kila ukipita. Kipande kitakachobaki kitakufaa kwa paneli ya swichi.

Usishuke hadi mm 9. Kwa unyevu wa pwani inabonyea kati ya mihimili na reli inafuata. Mm 18 ni uzito wa bure tu.

Fremu ni mbao za 1x4, paina au saiprasi, zikisimama kwa ubavu. Mihimili ya ndani kila sm 40 hivi. Kwa hesabu ya haraka unahitaji kama m 28, na mbao za futi 12 zinauzwa m 3.66, kwa hiyo chukua 10 ili upotevu usikukwamishe. Miguu ni 2x2: minne kila kitanzi, minne mkono mrefu, mkono mfupi unaning'inia kwa bolti katikati ya wenzake, hauhitaji mguu. Mbao nne za futi 12 zinatoa miguu 12 ya sm 105, ongeza tatu za kukazia mshazari. Ukiweka bolti ya kusawazisha chini ya kila mguu, juu unafika karibu sm 110. Urefu huo unakuwezesha kukaa chini ya meza kwenye stuli bila kuvunja shingo, na kwa kazi ya waya hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika.

Mbao zikitoka dukani zilaze chumbani wiki mbili, zikitenganishwa na vijiti ili hewa ipite kila upande. Ukizifunga zikiwa mbichi zitakaukia kwenye fremu na kuisokota. Plaiwudi ipake rangi pande zote mbili pamoja na kingo. Ikipakwa upande mmoja inakunjika kama bakuli. Mbao ziwekwe dawa ya mchwa, na fremu isiguse ukuta popote.

Kila kiungo: gundi ya mbao na skrubu mbili za inchi 2, ukitoboa kwanza kwa biti ya mm 3, maana saiprasi inapasuka mwishoni. Plaiwudi juu ya fremu ni skrubu tupu bila gundi. Meza kwa meza ni bolti mbili za M8 zenye washa pana. Toboa tundu za bolti meza zikiwa zimebanwa pamoja na zimesawazishwa kwa pimamaji, usipime kila moja peke yake.

Sasa kosa linalowauma wengi. Kabla hujafunga mhimili wowote, chora reli zote juu ya plaiwudi kwa saizi halisi, hasa pointi (pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili). Mhimili ukiangukia chini ya pointi, mota ya kuigeuza haina pa kukaa, na hapo utakuwa umeshachelewa. Sogeza mhimili sm 6 au 8. Sm 40 si amri.

Na toboa tundu za waya kwenye mihimili kabla ya kuunga fremu: mbili kila mhimili, mm 25, sm 4 au 5 chini ya ukingo wa juu. Bana mihimili mitatu mitatu na utoboe kwa pamoja. Kutoboa baadaye ukiwa umelala chali chini ya meza, vumbi la mbao linaingia machoni.

Jambo la mwisho: mkono wa mtu unafanya kazi vizuri hadi sm 70 hivi. Meza ya sm 122 iliyobanwa kwenye kona ya chumba huifikii nyuma. Kata tundu la sm 50 × 50 katikati ya kila kitanzi, utokee kwa chini.

---

Ampea:

Randa kamaliza mbao, mimi niseme waya.

Waya unapitishwa fremu ikiwa imesimama na plaiwudi ipo, lakini *ramani* ya waya inachorwa kabla. Kila meza iwe na waya zake kamili, na mpakani ziunganishwe kwa plagi isiyoweza kuingia kinyume. Chonde, usitumie plagi na soketi za umeme wa nyumba hapo. Siku moja mtu ataichomeka ukutani.

Mfumo ni huu. Unavuta waya mama mbili chini ya meza nzima, kisha kila kipande cha reli kinashuka kwenye waya mama kwa vitawi viwili. Sababu ni kwamba reli za nikeli-silva (aloi ya shaba, zinki na nikeli, fedha hamna) zinapitisha umeme vibaya: ukinzani wake kwa unene uleule ni zaidi ya mara 15 ya shaba. Viungio vya chuma kati ya reli ndiyo vibaya zaidi, vinalegea na kushika kutu. Usivihesabu kama njia ya umeme, kazi yake ni kunyoosha reli tu.

Kituo kiweke kwenye pembe ya L, si mwisho mmoja. Hapo hakuna waya mama unaozidi m 4 kwa urefu. Waya wa shaba wa mm² 2.5 una kama ohm 0.0074 kwa mita. Kwenda na kurudi ni m 8, yaani ohm 0.06, na kwa ampea 3 unapoteza volti 0.18. Vitawi ni waya laini wa mm² 0.5, visizidi sm 30. Reli zako zote zinakaribia m 14, na reli ya kupinda inauzwa kwa vipande vya sm 90 hivi, kwa hiyo ni vipande 15 au 16, jozi moja ya vitawi kila kipande. Ongeza waya mmoja kwa moyo wa kila pointi, ile sehemu reli mbili zinapokutana kama V, kama pointi zako ni za moyo wa chuma. Waya huo unapita kwenye swichi ya mota ya pointi ili moyo upate upande sahihi wa umeme.

Rangi: nyekundu na nyeusi kwa reli, njano na buluu kwa volti 12 za mota na taa. Kushoto na kulia chagua kwa kusimama mahali pamoja, mfano "reli iliyo karibu na ukuta ni nyekundu". Kwenye kitanzi ukuta unageuka, kwa hiyo paka alama nyekundu ubavuni mwa reli yenyewe kabla ya kulehemu. Volti 12 zipite tundu la pili la mihimili na ziwe na adapta yake, zisiibe ampea za treni.

Kulehemu: pasi ya wati 40 hadi 60 yenye ncha pana, lehemu ya 60/40 yenye resini ndani. Ile dawa ya asidi ya mafundi wa mabati usiiguse, inaendelea kula waya miezi baada ya kazi. Kwangua ubavu wa nje wa reli, weka lehemu kidogo kwenye reli na kidogo kwenye waya, kisha vikutanishe kwa sekunde 2 au 3. Ncha nyembamba inakulazimisha kushika sekunde 10, na plastiki ya mataruma haitakusubiri.

---

Kilindini_16.5:

Naomba kutofautiana kidogo na Ampea. Kwa kituo cha ampea 3 na m 4, waya wa 1.5 unatosha kabisa. Fanya hesabu ileile kwa ohm 0.0121 kwa mita: unapoteza volti 0.29. Tofauti na 2.5 ni volti 0.11, kichwa cha treni hakitaijua. 2.5 ni mgumu kukunja na mgumu kulehemu kwa pasi ndogo. Pesa iliyobaki nunua vitawi zaidi.

La muhimu kuliko unene ni kwamba waya uwe shaba kweli. Kuna roli za bei rahisi ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua kwa wembe: ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Ukinzani wake ni mkubwa zaidi na haushiki lehemu vizuri.

Kuhusu kona. Kwenye mraba wa sm 122, nusu kipenyo cha sm 50 kinaingia na kinaacha sm 11 hadi ukingoni. Behewa la kontena la futi 40 lina kama sm 15 au 16 kwa HO, linapita hapo bila shida. Behewa la abiria la sm 29 au 30 ni habari nyingine. Kanuni inayotumiwa na wengi ni nusu kipenyo kisichopungua mara 2.5 ya urefu wa behewa, yaani sm 75, na chumba hicho hakina. Litapita kama vishikio vya kuunganishia mabehewa vimefungwa kwenye boji (kigari cha magurudumu chini ya behewa), lakini litaning'inia nje ya kona na kugonga nguzo yoyote uliyoweka karibu. Kabla ya kusimamisha nguzo za waya wa juu, lisukume behewa refu kwa mkono huku umelibandika penseli ubavuni, likuchoree mpaka wake.

---

Ampea:

Kwenye 1.5 nakubali, kwa meza hii. Akija kununua kituo cha ampea 5 atalia tena, lakini hilo ni lake.

---

Taruma_la_Pwani:

Shukrani sana wakuu. Swali moja limebaki: vile vitanzi. Treni ikizunguka na kurudi kwenye njia ileile, reli ya kushoto inakutana na ya kulia. Nakata wapi? Na kifaa kimoja cha kugeuza umeme kinaweza kuhudumia vitanzi vyote viwili?

---

Ampea:

Unakata baada ya pointi ya kuingilia, kwenye miguu yake yote miwili (njia mbili zinazotoka kwenye pointi), na kila mguu reli zote mbili. Makato manne kila kitanzi. Pointi yenyewe inabaki upande wa njia kuu. Makato ya reli mbili za mguu mmoja yatazamane, yasipishane.

Kitanzi kilichotengwa kinapata umeme wake kutoka kwenye kigeuzi tu. Hakikisha hakuna kitawi hata kimoja ndani ya kitanzi kilichoshikwa kwa bahati mbaya kwenye waya mama wa njia kuu; kimoja kinatosha kuleta shoti kila treni inapoingia. Tumia waya wa rangi nyingine humo, mfano kijani na nyeupe.

Urefu wa sehemu iliyotengwa lazima uzidi treni. Ukiwa na sm 50, unapata karibu m 3 za reli, kwa hiyo kichwa kimoja na makontena 13 yanaingia. Treni ikiwa ndefu zaidi, magurudumu ya chuma yanaunganisha mwanzo na mwisho wa kitanzi kwa wakati mmoja, na kigeuzi hakiwezi kuridhisha pande zote mbili.

Vigeuzi viwe viwili. Kimoja kwa vyote kinafanya kazi mpaka siku treni mbili zinavuka mipaka tofauti kwa pamoja. Kila kigeuzi kipange kishtuke chini ya ampea 3, tuseme 1.5 au 2, ili kigeuke kabla kituo hakijazima. Ukiona meza nzima inazima treni inapoingia kitanzini, anza na mpangilio huo kabla ya kufumua waya.

---

Randa:

Nyongeza kwenye makato: ukikata kwa msumeno, jaza tundu kwa kipande cha plastiki na gundi ya haraka, kisha chonga kiwe sawa na reli. Ukiliacha wazi, mchana wa joto reli zinasogea, ncha zinagusana, na unapata shoti inayopotea yenyewe usiku. Hiyo inatafutwa wiki nzima.

---

Kilindini_16.5:

Na jaribu meza moja moja kabla ya kumwaga kokoto. Kwanza, kituo kikiwa hakijaunganishwa, weka mita kwenye ukinzani: kati ya nyekundu na nyeusi isome wazi kabisa. Kisha washa, chukua sarafu pana kuliko mm 16.5 au bisibisi, ukaiweke juu ya reli zote mbili kila baada ya sm 50. Kila mara kituo kizime papo hapo. Ndani ya kitanzi kigeuzi kitabofya kwanza, halafu umeme ukatike. Mahali ambapo sarafu inapata joto na umeme hauzimi, kuna kitawi kibovu. Usipite. Ampea 3 kwa volti 14 ni wati 42 zinazochemka sehemu moja, na zinatosha kuyeyusha boji ya plastiki treni ikiacha njia juu ya pointi.