Mjadala: Sheria za Marekani kuhusu Tibet zinamsaidia Mtibeti, au zinabaki kwenye makabati ya Washington?

Mshale wa Rufiji
Wakuu, Julai 12, 2024 Rais Biden alisaini sheria ya kuhimiza suluhu ya mgogoro wa Tibet na China. Baraza la Wawakilishi liliipitisha kwa kura 391 dhidi ya 26. Kabla yake kuna ya 2002, ya 2018 na ya 2020. Mimi naziunga mkono, ila naomba tuzichambue kifungu kwa kifungu: Mtibeti aliyeko Lhasa, mji mkuu wa Tibet, kapata nini? Najua wengine humu watanyamaza kwa sababu Mchina alitujengea reli.

Binti Ngamiani
Zenye meno ni mbili, ya 2018 na ya 2020. Mgeni akitaka kwenda Lhasa, viza ya China pekee haitoshi. Lazima apate kibali cha pekee kupitia wakala wa utalii, asafiri na mwongozaji, njia ikiwa imepangwa kabla. Mwanahabari na mwanadiplomasia mambo yao ni magumu zaidi. Sheria ya 2018 inaitaka Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ipeleke ripoti Bungeni kila mwaka kueleza nani kazuiwa na wapi, na maofisa wa China wanaohusika na uzuiaji huo wanyimwe viza. Ya 2020 inagusa urithi: ofisa wa China atakayeingilia uteuzi wa Dalai Lama ajaye, yaani kiongozi mkuu wa kiroho wa Watibeti, anaweza kuwekewa vikwazo vya mali na viza.

Tatizo liko kwenye utekelezaji. Rekodi za viza ni siri kwa sheria yao ya uhamiaji, kwa hiyo wizara ikitangaza kwamba imewafungia maofisa, majina hayatoki. Linganisha na Desemba 2022, walipotumia sheria ya Magnitsky, ile ya kuwawekea vikwazo wanaokiuka haki za binadamu: Wu Yingjie na Zhang Hongbo, maofisa wa China kule Tibet, walitajwa hadharani na mali zao zikazuiwa. Jina likitajwa benki zinaogopa. Lisipotajwa, nani atajua kama adhabu ipo?

Komredi wa Mlimba
Mshale, hiyo ya reli umeitupa makusudi na sitaiacha ipite. TAZARA ni kilomita 1,860, ilijengwa 1970 hadi 1975 kwa mkopo usio na riba, baada ya wakubwa wa Magharibi kutuambia hailipi. Wachina zaidi ya 60 walikufa kwenye kazi ile, na makaburi yapo Gongo la Mboto. Mtu akikusaidia wakati wa dhiki humgeuki kwa sababu Washington imesema. Hiyo siyo kunyamaza kwa woga, ni heshima.

Binti Ngamiani
Kaka yangu, hakuna aliyewatukana marehemu wa Gongo la Mboto. Lakini Mei 1995 Dalai Lama alimtambua Gedhun Choekyi Nyima, mtoto wa miaka 6, kuwa Panchen Lama, kiongozi wa kidini wa pili kwa cheo Tibet, na siku tatu baadaye mtoto akachukuliwa na serikali pamoja na familia yake. Hajaonekana hadharani tena. Reli inahusiana vipi na hilo?

Komredi wa Mlimba
Inahusiana kwa sababu mnaanza na mtoto mnamalizia kuigawa China. Kama Tibet ingekuwa suala la kweli, Umoja wa Mataifa ungesema zamani. Mbona ulikaa kimya?

Fundi wa Vifungu
Haukukaa kimya, Komredi. Baraza Kuu lilipitisha maazimio matatu, 1959, 1961 na 1965, na la 1961 linataja haki ya Watibeti kujiamulia mambo yao. Baada ya hapo hakuna lingine. Mwaka 1971 Jamhuri ya Watu wa China ikapewa kiti kwa azimio namba 2758, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizolipeleka. Kiti kile ni pamoja na kura ya turufu kwenye Baraza la Usalama. Sasa unaona kwa nini Watibeti wanabisha hodi kwenye mabunge ya nchi moja moja.

Komredi wa Mlimba
Kwa hiyo kosa ni letu!

Fundi wa Vifungu
Sijasema kosa. China ilistahili kiti. Nasema mlango wa New York ulifungwa, na ndiyo maana tunazungumzia Washington.

Pwani Mchangani
Sheria ya 2020 si ndiyo iliyofunga ubalozi mdogo wa China kule Houston?

Fundi wa Vifungu
Hapana. Houston ilifungwa Julai 2020 kwa amri ya serikali ya Trump, na China ikajibu kwa kufunga ule wa Marekani mjini Chengdu, ambao ndio uliokuwa ukihudumia Tibet. Sheria ilisainiwa Desemba 27 mwaka huo, ikiwa imepachikwa ndani ya bajeti kubwa. Inachosema ni kwamba China isiruhusiwe kufungua ubalozi mdogo mpya Marekani hadi Marekani iruhusiwe kufungua Lhasa. Kwa hiyo leo Wamarekani hawana jicho la karibu hata Chengdu.

Na ya 2024 msiidharau. Imeandika Tibet maana yake nini: jimbo linalojiendesha pamoja na maeneo ya Watibeti ya Qinghai, Gansu, Sichuan na Yunnan. Zaidi ya nusu ya Watibeti wako nje ya jimbo lile. Ukifuata ramani ya Beijing unaiacha Ngaba, iliyoko Sichuan, na huko walitoka watu wengi waliojichoma moto tangu 2009 kupinga utawala wa China.

Mshale wa Rufiji
Lakini siku ileile Biden alitoa taarifa kwamba sheria haibadilishi msimamo: Marekani bado inaitambua Tibet kuwa sehemu ya China. Na tazama ya 2002. Inataka kuwe na mratibu maalumu wa masuala ya Tibet, ila kuanzia Januari 2017 hadi Oktoba 2020 kiti kilikuwa kitupu na hakuna aliyewajibishwa. Fedha nazo: 2020 waliidhinisha dola milioni 8 kwa mwaka kwa mashirika yanayowahudumia Watibeti ndani ya China na milioni 6 kwa walioko India na Nepal. Kuidhinisha siyo kutoa. Januari 2025 misaada ya nje iliposimamishwa, miradi ya Watibeti nayo ikakwama. Ndiyo maana niliuliza Mtibeti kapata nini.

Binti Ngamiani
Kapata kifungu cha kumshikia mtu. Kiti kikiwa kitupu, mbunge ana sheria ya kuuliza kwa nini. Bila sheria angeuliza kwa msingi gani? Sisi wenyewe hata kuuliza hatuulizi. Oktoba 2022 kule Geneva iliombwa tu Baraza la Haki za Binadamu lijadili haki za Waislamu wa Uighur kule Xinjiang, China, likakataa kwa kura 19 dhidi ya 17. Katika Afrika yote aliyeunga mkono ni Somalia peke yake. Kura mbili zingehama, mjadala ungefanyika.

Komredi wa Mlimba
Hiyo ilikuwa Xinjiang, dada, siyo Tibet. Na Tanzania haikuwa mjumbe wa baraza lile mwaka huo, kwa hiyo usituhesabu.

Binti Ngamiani
Sawa, haikuwa. Ingekuwa mjumbe, ungeishauri ipige kura gani? Jibu hilo, reli iache pembeni.